Kikapu cha Mwenye Kupunguza Unene

Daktari akimwambia mtu mzima kwamba amenenepa kupita kiasi, na kwamba hana budi kubadili chakula chake, maneno hayo husikiwa na mgonjwa, lakini mzigo wake humwangukia mtu mwingine. Humwangukia yule ashikaye kikapu. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya muuza samaki na muuza mboga, fedha zilezile za jana zikiwa mkononi, akijiuliza swali ambalo daktari hakulijibu: je, chakula cha kupunguza unene ni ghali kuliko kile kilichouleta?

Wako wasemao kwamba ni ghali mno, na kwamba afya ni anasa ya wenye mishahara minono. Wako pia wasemao kwamba ni rahisi, kwa sababu mwenye kula kidogo hununua kidogo. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande umesahau jambo. Ili msomaji aweze kuamua mwenyewe, afadhali itazamwe nyumba moja, daftari lake likiwa wazi.

Nyumba yenyewe imo Buyenzi, mjini Bujumbura, karibu na soko la Ruvumera. Wanakaa humo watu saba: baba, mama, watoto wanne, na bibi yao mzaa baba. Baba ni karani wa bohari, mwenye umri wa miaka 44. Kimo chake ni mita 1 na sentimita 70, na siku alipopandishwa mizani katika kituo cha afya alikutwa na kilo 92. Waganga hugawanya kilo za mtu kwa kimo chake kilichozidishwa kwa kimo hichohicho. Kwake yeye hesabu ilitoa 31.8. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 na zaidi kuwa uzito uliozidi, na 30 na zaidi kuwa unene wa kupindukia. Shinikizo lake la damu nalo lilikuwa limekwisha kuanza kupanda. Muuguzi akamwagiza apunguze sukari, mafuta na chumvi, azidishe mboga na matunda, na ajitahidi kutembea. Akamfariji kwamba si lazima awe mwembamba kama kijana: mtu mnene akipunguza hata sehemu 5 mpaka 10 katika kila 100 za uzito wake, shinikizo la damu na sukari mwilini huanza kupata nafuu.

Yalikuwa maagizo mema. Bei haikutajwa.

MAKOSA YA MWANZO

Mama mwenye nyumba aliyapokea maagizo hayo kwa moyo mmoja. Siku ya mshahara alikwenda katika duka kubwa la mjini, si sokoni, akarudi na matufaha yaliyosafiri kutoka ng'ambo, shayiri ya kopo, mkate wa ngano isiyokobolewa, maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, na chupa ya asali kwa kuwa alisikia asali haina madhara ya sukari. Vitu hivyo akaviweka katika kabati ya juu, akawakataza watoto wasiviguse, kwa maana vilikuwa dawa ya baba yao.

Tangu siku hiyo jikoni zikainjikwa sufuria mbili: moja ya baba, moja ya watu wengine. Makaa yaliyokuwa yakitosha siku tatu yakawa yanakwisha kwa siku mbili. Na walaji wa sufuria ya pili hawakupunguza chochote. Sukari yao, mafuta yao na nyama yao vilibaki palepale. Tarehe 19 ya mwezi kopo la masurufu likawa tupu.

"Baba watoto," mama alisema usiku ule, "fedha zimekwisha, na mwezi una siku kumi na moja bado."

"Basi na tuyaache mambo haya, Mama watoto," mumewe akajibu. "Unene haujaniua. Njaa ndiyo itakayoniua."

Nyumba nyingi huishia hapo. Watu husema walijaribu chakula cha afya wakashindwa na bei, ilhali kilichowashinda si chakula cha afya bali ni chakula cha kigeni. Tufaha halina fadhila yoyote inayolishinda papai la Imbo. Asali, kwa mwili wa mwenye kupunguza unene, ni sukari kama sukari nyingine. Maziwa ya kopo si ya lazima. Na hakuna muuguzi aliyeagiza sufuria mbili. Mama yule alinunua picha ya chakula cha watu wa mbali, akailipia nauli ya kuletwa mpaka Bujumbura.

BEI HUPIMWAJE?

Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa taarifa iliyochunguza kama vyakula vyenye afya ni ghali kweli. Jibu lake lilikuwa kwamba inategemea bei imepimwa kwa kipimo gani. Ukigawanya bei kwa kalori, yaani kwa nguvu iliyomo ndani ya chakula, mboga na matunda huonekana ghali. Ukigawanya kwa uzito, au kwa kiasi anacholiwa mtu mlo mmoja, nafaka, mboga na matunda huonekana rahisi kuliko nyingi katika nyama, na kuliko vyakula vilivyojaa mafuta na sukari.

Jambo hili laweza kuonekana waziwazi katika soko la Ruvumera bila kwenda Marekani. Lita moja ya mafuta ya mawese ya Rumonge ina kalori zipatazo 8,000. Mtu akitaka kuzipata kalori hizo kwa lengalenga, atapaswa kubeba kilo zipatazo 35 za majani! Kwa mtu mwenye kutafuta nguvu ya kulima tangu alfajiri, mafuta ndiyo chakula cha bei nafuu, na si ajabu kwamba maskini wa nchi zote huyategemea pamoja na sukari na unga. Lakini mwenye kitambi hatafuti nguvu. Anayo akiba yake kiunoni. Yeye hutafuta chakula kitakachomshibisha na kumlinda pasipo kumwongezea akiba hiyo. Kwake yeye lengalenga, kabichi, nyanya chungu na maharage si ghali hata kidogo, kwa sababu hujaza tumbo kwa faranga chache.

Hata hivyo ukweli usifichwe. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walikusanya uchunguzi 27 uliofanywa katika nchi 10, nyingi zao tajiri, wakakuta kwamba chakula bora kabisa kilizidi kile kibaya kabisa kwa dola 1 na nusu hivi kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa tajiri hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba ya watu saba ni dola 10 na nusu kila siku ya Mungu, fedha ambazo karani wa Buyenzi hana. Kwa hiyo akina mama wa hapa hawawezi kunakili kikapu cha huko; sharti watengeneze chao.

KARATASI YA SIKU SABA

Alipokwenda kupimwa mara ya pili, baba yule alikuwa hajapungua hata nusu kilo. Muuguzi hakumkemea. Alimpa karatasi, akamwambia aandike kwa siku saba kila kitu kipitacho kinywani mwake, nyumbani na nje, bila kuona haya.

Baba akaandika kwa uaminifu, maana ukarani ni kazi yake. Saa 4 za asubuhi, chai ya maziwa na maandazi matatu. Saa 7 mchana, chakula na soda. Saa 12 jioni, akitoka kazini, mishikaki miwili na viazi vya kukaanga pale kibandani, na soda ya pili. Kisha ndipo hurudi nyumbani kula chakula cha usiku.

Chupa moja ya soda ya sentilita 30 yaweza kuwa na gramu zipatazo 32 za sukari, nazo ni sawa na vijiko 8 vya chai. Chupa mbili ni vijiko 16. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 katika kila 100 za nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu alaye kalori 2,000. Na likasema kwamba ni bora zaidi ishuke mpaka gramu 25. Baba yule alikuwa akikipita kiwango hicho kwa soda peke yake, kabla chai haijahesabiwa. (Nyumba ambazo bia huingia zijue kwamba chupa kubwa ya sentilita 72 ina kalori zipatazo 300, karibu sawa na sahani ndogo ya ugali.)

Mkewe aliisoma karatasi ile mara mbili. Muuguzi alikuwa ameona sukari na mafuta. Yeye aliona bei. Kwa miaka mingi alikuwa akipewa masurufu ya mwezi, naye akihesabu kila fungu la mboga na kila kibaba cha unga, akiamini kwamba hiyo ndiyo gharama ya chakula cha nyumba yake. Kumbe palikuwapo jiko la pili, nalo lilikuwa mfukoni mwa mumewe. Soda 60 kwa mwezi ni soda 720 kwa mwaka. Alipoziongezea mishikaki, viazi na maandazi, fedha zile zilikaribia nusu ya masurufu ya watu saba.

Hakusema neno mbele ya watoto. Walipolala, aliiweka karatasi mezani chini ya taa.

"Baba watoto, usinielewe vibaya. Jasho ni lako, na mwenye kutoka jasho ana haki ya kunywa. Lakini wewe na mimi tulikubaliana kwamba chakula cha afya ni ghali. Nitazamie hesabu hii. Ni kipi kilicho ghali?"

Mumewe alinyamaza kwa muda mrefu. Si jambo jepesi kwa mwanamume kuhesabiwa mishikaki na mkewe, wala si jambo jepesi kwa mke kuihesabu. Pale kibandani hakununua chakula tu. Alinunua pia dakika thelathini za mazungumzo na wenzake. Hatimaye alisema, "Sitaacha kukaa na wenzangu. Lakini soda nitaiacha, na mishikaki iwe Ijumaa peke yake." Mwezi uliofuata aliongeza katika kopo la masurufu nusu ya fedha zile, na nusu akabaki nazo kwa haja zake. Mkewe hakudai zaidi.

KILICHOSHUKA NA KILICHOPANDA

Kuanzia hapo sufuria ilikuwa moja, na daftari likawa moja. Bei za sokoni hubadilika kila msimu, kwa hiyo inafaa kuvitazama vipimo.

Kwanza, sukari. Nyumba ilikuwa ikimaliza kilo moja kwa siku tatu, yaani gramu 48 hivi kwa kila mtu kwa siku. Chai iliendelea kunywewa, lakini vijiko vilipunguzwa kidogo kidogo kwa majuma manne, mpaka kilo moja ikafika siku sita. Ulimi ukizoeshwa polepole haulalamiki. Siku sukari ya kiwanda cha Moso iadimikapo madukani na bei yake kuruka, nyumba yenye kutumia nusu huumia nusu.

Pili, mafuta. Lita moja iliyokuwa ikitumika kwa siku nne ikafikishwa juma zima. Chombo kilichofanya kazi hiyo ni kijiko. Mafuta yakimiminwa kutoka chupani hayana hesabu. Yakipimwa kwa kijiko cha mezani, kila kijiko kina kalori zipatazo 120. Chapati za kila asubuhi zikawa za mara mbili kwa juma, na mahali pake pakachukuliwa na viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha.

Tatu, nyama ya ng'ombe ilitoka mara nne kwa juma ikawa mara moja. Nafasi yake ilijazwa na maharage na ndagala. Gramu 100 za maharage makavu zina protini isiyopungua gramu 20, sawa na gramu 100 za nyama mbichi. Na ndagala waliokauka vizuri wana protini kwa nusu ya uzito wao au zaidi.

Sasa vilivyopanda. Mboga za majani zilinunuliwa mara mbili ya zamani. Matunda, ambayo zamani yalikuwa ya wageni na wagonjwa, yakawa ya kila siku: ndizi mbivu, papai, na maembe katika msimu wake. Ndagala nao si wa bei moja mwezi mzima. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavua usiku kwa taa, na mbalamwezi iking'aa samaki hawaikusanyikii taa; basi mama mwerevu hununua ndagala wakavu wakati wa giza, akaweka akiba ya siku za mwezi mpevu. Makaa pia yalipanda, kwa kuwa maharage hupenda moto. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga maji yale, na kuyapika mara moja kwa milo miwili ya siku ileile, ya jioni ikichemshwa tena vizuri.

Mwisho wa mwezi wa tatu daftari lilifungwa na kujumlishwa. Matumizi ya jikoni, yakitazamwa peke yake, yalikuwa yamepanda kidogo kuliko zamani. Lakini yalipojumlishwa na ya mfukoni, fedha zote zilizoliwa na nyumba ile zilikuwa zimepungua. Hayo ndiyo majibu mawili ya swali moja: ukimuuliza mwenye kikapu peke yake atasema gharama zimepanda, na atakuwa amesema kweli, ukiiuliza nyumba nzima itasema zimeshuka.

WATOTO HAWAPUNGUZI UNENE

Kuna kosa moja lililotokea, nalo ni kubwa kuliko lile la matufaha. Katika mwezi wa pili mama alimpeleka kitinda mimba wake, mwenye miaka miwili, kupimwa kama kawaida. Mstari wa uzito katika kadi yake, uliokuwa ukipanda, ulikuwa umelala. Muuguzi akauliza nini kimebadilika nyumbani. Mama akaeleza kwa fahari habari za mafuta yaliyopunguzwa na mboga zilizozidishwa.

"Mama," muuguzi akamwambia kwa upole, "baba ndiye mnene. Mtoto hana akiba."

Ni neno la kuandikwa ukutani. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa majani na maji halibaki na nafasi ya chakula chenye nguvu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika nchi yenye msiba kama huo, nyumba haiwezi kumponya baba kwa kumfunga mtoto.

Sufuria haikuhitaji kuwa mbili tena. Chakula kilipikwa kwa mafuta machache, kisha katika sahani ya mtoto pakaongezwa kijiko cha mafuta ya mawese. Uji wake ukatiwa karanga zilizosagwa, naye akapewa yai kila lilipopatikana na kulishwa mara tano kwa siku badala ya tatu. Baada ya majuma sita mstari ukaanza kupanda. Vivyo hivyo mama mjamzito au mwenye kunyonyesha asijipunguzie chakula bila ushauri wa mganga. Na mgonjwa anayetumia dawa za sukari asipunguze milo kabla ya kumwuliza daktari wake.

MANENO YA NDUGU

Kufikia mwezi wa nne shati la baba lilianza kupwaya. Ndipo wifi alipokuja kutembea. Alimtazama kaka yake, akamtazama mke, akasema pale uani mbele ya majirani, "Wifi, mbona ndugu yangu anakonda? Ama jikoni kwako moto umezimika?"

Swali hili haliandikwi katika vitabu vya lishe, na lina uzito kuliko kalori. Kwa watu wengi unene wa mume ni cheti cha mke, na kukonda kwake ni ushahidi wa njaa, ugonjwa au ugomvi. Wanawake wengi huendelea kumimina mafuta ambayo wanajua yanadhuru, ili wasisemwe.

Aliyejibu ni bibi mzaa baba, aliyekuwa akichambua maharage kwenye mkeka.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "baba yenu alisifiwa unene wake mpaka siku alipoanguka kwa kiharusi. Waliomsifu ndio waliolibeba jeneza, na walilalamika kwamba ni zito. Mwache mwenzako apike."

Tangu siku hiyo wifi hakusema tena. Juma lililofuata alikuja kuuliza jinsi ya kupika lengalenga.

MAPISHI: LENGALENGA KWA NDAGALA (watu saba)

Vitakiwavyo ni lengalenga kilo 1 na nusu, ndagala wakavu gramu 200, nyanya 4, vitunguu 2, karanga zilizosagwa vijiko 3 vya mezani, mafuta kijiko 1 cha mezani, ndimu 1, na chumvi kidogo.

Chambua ndagala, uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga utoke, kisha uwakaushe katika sufuria pasipo mafuta mpaka wanukie. Waweke kando. Kaanga vitunguu kwa kile kijiko kimoja cha mafuta. Tia nyanya, funika ziive kwa maji yake zenyewe. Rudisha ndagala, ongeza karanga zilizokorogwa kwa kikombe cha maji, uache vichemke kwa dakika 10. Mwisho tia lengalenga zilizooshwa kabla ya kukatwa, si baada yake, ukoroge kwa dakika 5 tu. Mboga ikigeuka rangi ya udongo, faida yake imekwenda na mvuke. Kamulia ndimu, kwani ukali wake hupunguza hamu ya chumvi. Kila mlaji hupata protini zipatazo gramu 15 kutokana na ndagala peke yao. Mafuta yasiondolewe kabisa, maana mwili huhitaji mafuta kidogo ili uipokee vitamini A iliyomo katika majani.

Kwa mwenye kupunguza unene, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage au samaki, na robo iwe ugali. Gramu 300 za unga mkavu ni kalori 1,000 hivi. Akila gramu 200 amepunguza kalori 350 na amepunguza unga, na unga nao una bei.

JIBU

Baada ya miezi sita karani yule alipanda mizani akakutwa na kilo 86. Kipimo chake kimetoka 31.8 mpaka 29.8. Bado ni mnene, lakini shinikizo la damu limeshuka, na ngazi za bohari anazipanda bila kusimama katikati.

Isidhaniwe kwamba kila nyumba itapata hesabu kama hii. Nyumba ile ilikuwa na kitu cha kupunguza: soda, mishikaki, sukari na mafuta mengi. Iko nyumba isiyo na hivyo, ambayo hula ugali wa muhogo na maharage machache mara moja kwa siku. Humo hakuna cha kuondoa ili kununulia mboga na samaki. Mwaka 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliarifu kwamba zaidi ya watu bilioni 3 duniani hawakuweza kukimudu chakula bora, na kwamba chakula hicho hugharimu, kwa wastani, mara tano ya kile cha kushibisha tumbo kwa wanga peke yake. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo kwamba afya haina gharama ni kumdhihaki. Yeye hahitaji daftari. Anahitaji kipato, shamba la mboga nyuma ya nyumba palipo na nafasi, na bei zisizomkimbia.

Lakini kwa yule ambaye unene umemfika kwa sababu fedha za kununua soda hazikumpungukia, jibu ni jingine. Asiende dukani kwanza. Achukue karatasi, aandike kwa siku saba yote aliyokula na yote aliyolipa, kisha ampe mwenzake aisome. Mali bila daftari hupotea bila habari, na unene nao huingia kwa mlango huohuo. Mama mwenye kikapu apewe hesabu nzima, si nusu yake. Akipewa nzima, mboga atazipata.